Kengele Iliyoita Watoto wa Nyandiwa

Nilifunga safari kwa sababu ya maneno ya mwanangu Ochieng. Kijana mmoja hapa kwetu Sori alimgonga mama mzee sokoni na baiskeli, basi Ochieng akamwambia binti yake Atieno, "Mtu mmoja tu akikulalamikia, hiyo baiskeli nauza. Shule utaenda kwa miguu." Na shule iko mbali. Nikamwambia, "Mimi nitakaa kwa keria, nyuma ya baiskeli yake, mpaka Nyandiwa kwa dada yangu. Nikirudi utaniuliza mimi."

Asubuhi tukashika njia ya kando ya ziwa. Mimi ni mzito, sifichi, lakini mjukuu wangu ana miguu. Mbele yetu alitembea mama na karai la maji kichwani. Atieno akapiga kengele mgongoni kwake. Mama akashtuka, maji yakamlowesha kifua.

"Mimi ni ng'ombe nipigiwe kengele?"

Atieno akashuka, akamwomba msamaha. Mama akanitazama. "Kumbe umebeba tingatinga. Pita, mwanangu."

Nikamwambia Atieno, "Salimia watu ukiwa mbali." Kutoka hapo akawa anaita "Oyawore", salamu yetu ya asubuhi, kabla ya kumfikia mtu, anapunguza mwendo. Watu wakaitikia, wakatupisha wenyewe.

Kuingia Nyandiwa, omena, dagaa wa ziwani, imeanikwa kwenye nyavu kando ya njia, watoto wanacheza katikati. Atieno akajisahau, akapiga kengele. Kumbe muuza aiskrimu wa huko hupiga vivyo hivyo. Watoto wote wakatukimbilia, mikono mbele. Kamoja kakaanguka karibu na gurudumu. Atieno akakata kona, tukatua kwenye omena, mimi na makalio yangu yote.

Mwenye omena akashika baiskeli. "Nani atanunua omena iliyokaliwa?"

Atieno akainuka. Alikuwa anamfikiria baba yake. "Ni makosa yangu, mama. Niliwaita watoto kwa kengele."

"Huyo uliyemkwepa ni mjukuu wangu. Asante. Omena sijasamehe. Okota."

Tukaokota, tukapepeta mchanga. Dada yangu akatukuta hapo, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kurudi, tulipofika kwa wale watoto, Atieno alisukuma baiskeli, nami nikatembea. Walitusindikiza wameshika keria kama gari la harusi. Sijawahi kujisikia mkubwa hivyo. Nyinyi wenye baiskeli, nimejifunza hili: kengele haisemi wewe ni nani. Mdomo unasema. Na palipo na mtoto, shuka.

Jioni Ochieng alikuwa langoni. "Kuna aliyelalamika?"

"Wawili," nikasema. Atieno akaniangalia kama nimemuuza yeye. Nikasimulia yote, hata makalio.

Ochieng akauliza moja tu. "Mtoto aliumia?"

"Hata mchubuko hana."

Akachutama, akachomoa omena moja iliyobana kwenye cheni, akaingia ndani. Alitoka na mafuta ya kupaka cheni, akamwambia Atieno ashike baiskeli vizuri.