Orest na Viatu vya Kipa Aliyetuacha

Jumapili ile nilimwaga maji ya moto mara mbili kabla sijatia sufuriani hata pyrohy moja, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani. Mechi ya hoki ya barafuni ilikuwa saa nane mchana, mechi moja tu ya mtoano: anayeshinda anaendelea, anayeshindwa anafungasha mpaka msimu ujao. Waliokuja kucheza nasi walikuwa Carrick, na golini mwa Carrick alikuwa anasimama Colby Lysak. Wetu. Aliyekuwa wetu. Mpaka leo sijui niseme vipi.

Mimi naitwa Stefka na jiko la uwanja wa barafu wa Vesna ni langu, miaka ishirini sasa. Nyuma ya jiko, ng'ambo ya ukuta wa mbao, ni chumba cha mume wangu, Orest Hnatiuk. Katika ukuta huo kuna kidirisha ninachompitishia kahawa. Orest aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, lakini ukimuuliza mtu yeyote hapa Orest ni nani, hatataja basi. Atasema ndiye anayenoa viatu. Alianza akiwa na miaka ishirini na miwili, na sasa ana sitini na minne.

Chuma cha kiatu cha barafu hakinolewi kama kisu. Katikati yake kuna mfereji mwembamba, na pembeni kingo mbili. Mfereji ukiwa wa kina, kingo zinauma barafu na mtu anasimama imara. Ukiwa wa juujuu, anateleza kirahisi. Orest hukutazama unavyotembea, basi, ameshajua unachohitaji. Haulizi. Ukijaribu kumwambia unavyopenda, anawasha mashine ili asikusikie. Nimegombana naye kuhusu tabia hiyo mpaka nimechoka.

Kwa Colby alikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka kumi na mmoja, kabla ya kila mechi, Colby aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mle chumbani akila pyrohy zangu kwa vidole, Orest akimnolea. Walikuwa hawazungumzi. Nilizoea kuwachungulia nikidhani wamesinzia. Mfereji wa Colby ulikuwa wa kina kuliko wa mchezaji yeyote wa kwetu, na Orest aliwaonyesha wageni kiatu kile kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Kwa viatu hivyo Colby alituletea kombe la mkoa mara mbili.

Halafu mwezi wa Agosti, watu wakiwa kwenye mavuno, tukasikia amehamia Carrick, kilomita arobaini tu kutoka hapa. Hakuaga klabu. Hakuja kumuaga Orest. Carrick kuna mgodi mkubwa, kwa hiyo mji mzima ukakata shauri kwamba alifuata pesa. Na mimi nilikata shauri hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wengi, pale pale kwenye kaunta yangu. Msimu ule Carrick walikuja kwetu mara mbili, na mara zote mbili akasimama kipa wao wa pili. Tukasema Colby anaona haya. Orest aliigeuza ile ndoo, akaanza kutupia matambara machafu humo.

Basi siku hiyo uwanja ulifurika kabla hata ya saa saba. Wes Dubyk, anayeendesha greda la kusukuma theluji, alikuja amevaa ile fulana ya zamani yenye jina la Colby mgongoni, ila jina amelifunika kwa utepe na juu yake ameandika YUDA.

"Umeandika vizuri," nikamwambia. "Nani amekusaidia herufi?"

"Nicheke tu, mama. Leo atatoka hapa analia."

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Bi Halyna, mwalimu mstaafu, aliyemfundisha Wes na Colby wote wawili. "Mimi nitampigia makofi akiingia," akasema, "halafu nitamzomea. Tiketi yangu inaruhusu vyote viwili."

Na ndivyo ilivyokuwa Colby alipoingia kupasha mwili. Upande mmoja makofi, upande mwingine mazomeo, na katikati watu wanaoangaliana wasijue mikono yao waiweke wapi. Nilitoka jikoni nikaenda mpaka kwenye kioo kinachozunguka barafu, nikarudi, nikatoka tena. Nilitaka aniangalie. Nilitaka asithubutu kuniangalia. Hakuangalia mtu.

Dakika kumi na mbili kabla ya mechi kuanza, mtunza vifaa wa Carrick, jamaa mnene wa miwani, alikuja mbio mlangoni kwa Orest na viatu mkononi. Niliwasikia vizuri kupitia kidirisha.

"Mzee, samahani. Kipa wetu amekanyaga chuma pale mlangoni, ukingo umeharibika. Utatusaidia?"

Hilo halina mjadala. Anayekuja kucheza kwako unamnolea, hata kama jana mlitukanana. Huku kwetu ni hivyo tangu zamani, na timu ndogo hazisafiri na mashine.

"Kipa wenu," Orest akasema.

"Ndiyo. Na amesema nikuambie kwamba siku hizi yeye anapenda—"

Mashine ikawaka. Yule jamaa alisimama kidogo akichezesha midomo, akakata tamaa, akatoka kusubiri nje.

Orest aliinua kiatu kwenye taa akakichunguza, akasonya. "Stefka! Hebu ona walivyomharibia. Huu si mfereji, hii ni sahani. Wanamnolea kama mtoto anayejifunza kusimama!" Alikuwa anatikisa kichwa, lakini nilimwona uso wake. Alikuwa na furaha. Tangu Agosti sikuwa nimemwona hivyo. Alinoa polepole, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye ukingo, akanoa tena, akaurudisha ule mfereji wa kina aliouzoea yeye. Kisha akavipangusa viatu kwa pindo la shati lake na kumpa yule jamaa.

Nami nilifurahi kwa ajili yake. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Bao la kwanza lilikuja dakika ya tatu. Colby alijisukuma kwenda kulia, mwendo ninaoujua kama ninavyoujua mlango wangu, na kiatu kikang'ang'ania barafu. Mwili ulikwenda, mguu ukabaki. Kile kisahani cheusi wanachopiga kwa magongo kikapita pembeni yake taratibu kabisa. Uwanja ulilipuka, na mimi nikarusha taulo juu. Bao la pili alianguka kwa goti. La tatu alikuwa ameanza kuogopa kusogea, na hapo mimi nilikuwa sishangilii tena, nimeshika kioo kwa mikono miwili. La nne alijikunja akabaki chini muda, watu elfu moja wakiimba "Yuda! Yuda!" Hakulalamika kwa mwamuzi. Hakutazama viatu vyake hata mara moja.

Nne bila. Kipindi cha kwanza kikaisha, watu wakamiminika kwenye kaunta. Wes aliingia mpaka jikoni kwangu, akapitisha mkono kwenye kidirisha, akaushika wa Orest na kuutikisa.

"Mzee, wewe ni moto! Umempatia kisawasawa."

"Nimempatia nini?"

"Aa, usijitie hujui. Tumemwona yule jamaa akikuletea viatu." Akamkonyeza. "Ni siri yetu."

Wakaja wengine. Mmoja alisema Orest anywe kahawa bure maisha yake yote, kana kwamba kahawa ni yake. Bi Halyna alikuja mwisho, hakucheka. "Orest," akasema, "sikujua una roho ya namna hiyo." Akaondoka bila kuagiza kitu.

Orest alibaki na kikombe mkononi.

"Wanadhani nimefanya makusudi?"

"Wote," nikasema.

"Na yeye?"

Miaka arobaini na miwili hakuna mtu aliyewahi kusema Orest Hnatiuk kaharibu kiatu cha mtu, hata kwa utani. Lakini nilimjua. Hakuwa anawaza kuhusu mji. Alikuwa anawaza kuhusu mtu mmoja, chumba cha wageni, mwisho wa korido. Mapumziko ni dakika kumi na tano, na tatu zilikuwa zimeshakwisha. Akaweka kikombe chini akatoka. Nami nikaacha sufuria zangu motoni nikamfuata.

Colby alikuwa ameketi peke yake kwenye kona, mfuko wa barafu umefungwa nyongani. Wenzake walitupisha tulipoingia.

"Lete viatu," Orest akasema.

"Viko sawa, mzee."

"Haviko sawa. Lete."

"Basi, mzee. Nimestahili."

"Umestahili nini?" Sauti ya Orest ilipanda. "Unadhani nimekufanyia makusudi? Miaka kumi na mmoja umekaa chumbani kwangu, halafu unadhani mimi naweza?"

Colby aliinua macho. "Na wewe, mzee? Miaka kumi na mmoja, halafu ukaamini nilikwenda Carrick kwa pesa."

Niliona aibu. Maneno hayo nilikuwa nimeyauza na kahawa majira yote ya baridi.

Orest akautazama ule mfuko wa barafu. "Nyonga hiyo. Tangu lini?"

"Tangu kombe la pili. Kila nikisukuma, kiatu kinashika na nyonga inavutika. Daktari alisema ninolewe mfereji wa juujuu, na nicheze nusu tu ya mechi za msimu. Carrick wana kipa mwingine mzuri. Hapa mngenichezesha kila wiki mpaka nivunjike, na mimi ningekubali."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Mara tatu." Colby hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Kila nikifungua mdomo unawasha mashine. Na ule mfereji ulikuwa unauonyesha kwa kila mgeni, mzee. Ningekuambiaje kwamba ndio unaoniumiza?"

Orest alisimama pale mikono imening'inia. Nilitamani kumshika, nikajizuia. Kisha akasema, "Njoo unionyeshe unavyotaka."

Wakatoka pamoja. Colby alipita koridoni na soksi, ameshika viatu, na watu wote waliojaa pale kwenye kaunta yangu wakamwona anavyochechemea. Waliokuwa wanacheka wakaacha. Wes alijaribu kusimama mlangoni.

"Orest, una wazimu? Tunaongoza nne!"

"Najua kuhesabu, Wes. Pisha."

Mle ndani Orest alimwaga matambara sakafuni, akaipindua ndoo, na Colby akakaa. Safari hii mashine haikuwaka kwanza. "Niambie," Orest akasema. Colby akamwambia. Nilisikia mashine, kisha kimya, kisha "Punguza zaidi," kisha mashine tena. Ule mfereji aliojivunia ulikuwa unaliwa na jiwe la mashine, naye anasimama kila mara kuuliza, "Hapo?" Nilipitisha sahani ya pyrohy kidirishani na hakuna aliyeigusa.

Kilichofuata mji wetu unakijua kwa uchungu. Colby hakupitisha kitu tena. Vijana wetu walipiga kutoka kushoto, kulia, karibu mpaka wanamgusa, naye anateleza tu kama mtu anayefungua na kufunga droo. Carrick walirudisha mawili kipindi cha pili, mawili kipindi cha tatu, na la tano sekunde hamsini kabla ya mwisho. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka uwanja mzima mara mbili, nikiwaombea vijana wetu, nikimwombea Colby, nikijikasirikia mwenyewe kwa yote mawili.

Timu zilipopanga mstari kupeana mikono, Bi Halyna alisimama akapiga makofi. Safari hii hakuzomea. Labda robo ya uwanja walisimama naye. Waliobaki walikuwa wanatafuta mtu wa kumlaumu, na hawakwenda mbali. Kila Jumapili watu hupita mlangoni kwa Orest kumwambia "Kwaheri mzee." Siku ile walipita wakitazama simu zao. Wes alirudi kuchukua jozi zake tatu za viatu zilizokuwa zinasubiri kunolewa, akazitoa moja moja mbele ya Orest. Nilitaka kumrushia mwiko.

Orest alifagia vumbi la chuma, akafunga chumba. Colby alikuwa ameshapanda basi lao. Kabla ya hapo alirudi mlangoni akamshika Orest mkono kwa muda mrefu, na walichoambiana sikukisikia kwa sababu waliongea kwa sauti ya chini. Walikuwa wanaongea. Hilo lilinitosha.

Tukaingia kwenye pikapu. Jua lilikuwa bado liko juu ya mashamba, na baridi ilikuwa digrii ishirini na nane chini ya sifuri. Kwa baridi ya namna ile, mtu wa Vesna akishachomoa waya wa umeme unaopasha injini na kuwasha gari, halizimi mpaka afike kwake, maana huenda lisiwake tena. Orest aliwasha, akaweka mikono kwenye usukani, lakini hakuondoa gari.

"Nilikuwa nampenda yule kijana," akasema. "Na nilikuwa namuumiza kila Jumapili."

"Hukujua."

"Hukusikia alichosema? Alikuja mara tatu." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa na woga ambao sijawahi kuuona kwake. "Stefka. Na wewe? Kuna kitu umekuwa ukinyamazia?"

Miaka thelathini na tisa ya ndoa. Nilimtazama, nikatazama kioo cha mbele kilivyoganda, nikavua glavu moja, kisha ya pili.

"Zima gari kwanza," nikamwambia.