Jino Lililong'olewa kwa Andiko

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kwa daktari wa meno hapa Nyeri mjini. Daktari mwenyewe kijana, mikono laini kama ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Alinidunga sindano, akaniambia nifungue mdomo, kisha akaangusha koleo lake kwenye bakuli la chuma. Kleng! Nikafunga mdomo, nikashika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Guka, bado hata sijakugusa," akasema, akicheka. Guka kwetu ni babu.

Hakujua kwamba mlio wa koleo niliusikia kabla baba yake hajazaliwa. Wacha niwaeleze nyinyi, maana yeye alikuwa na haraka.

Tuliishi juu ya Naro Moru, upande wa mlima, mahali ambapo asubuhi majani ya viazi huwa meupe kwa baridi na ukiyakanyaga yanalia kama glasi. Baba alikuwa mpasuaji mbao msituni. Mabega yake yalikuwa mapana, akipita mlangoni alipita kwa upande. Siku moja sokoni Karatina alimpiga mchukuzi mmoja mpaka yule mtu akasahau jina la mama yake. Baba hakuwa ameokoka. Mama aliokoka kwa niaba ya wote wawili.

Jirani yetu alikuwa Baba Stefano. Siku za kazi alikuwa fundi wa seng'enge, ndiye aliyezungushia ua mashamba yote ya kwetu. Jumapili alikuwa mhubiri katika kanisa la mabati lililokuwa kando ya barabara. Biblia aliisoma vile alivyovuta waya: alivuta andiko mpaka likakaza, na mtu akiligusa anachanika.

Sasa, Baba Stefano alifuga kondoo. Sisi tulifuga mbuzi. Shida ilianzia hapo.

Jumapili moja alihubiri juu ya siku ya mwisho, vile kondoo watawekwa kulia waingie uzimani na mbuzi watawekwa kushoto waende motoni. Wazee walisinzia. Lakini mtoto wake Stefano, rika langu, aliyameza maneno yote mazima mazima. Kesho yake tulipokuwa malishoni alichora mstari chini kwa fimbo ya mutamaiyu, ule mti mgumu kama mfupa.

"Kondoo huku! Mbuzi kule!" akapiga kelele. "Na wenye mbuzi pia! Nendeni motoni, nyinyi mliolaaniwa!"

Nilicheka. Yeye hakuwa anacheka. Alianza kuwachapa mbuzi wetu akiwasukuma kwenye korongo, na nilipomzuia alinichapa mimi shingoni. Mtoto wa mbuzi mmoja aliteleza akaanguka kwenye mawe. Nilisikia mguu ukivunjika, sauti kavu, kama kijiti cha kuwashia moto.

"Si mimi," Stefano akaniambia. "Ni Biblia."

Nikaokota jiwe nikamrushia. Lilimpata mdomoni. Jino la mbele likaruka, jino la ukubwa, si la utoto, na damu ikamwagikia manyoya ya kondoo wake. Mkiniuliza kama nilijuta, nitawaambia ukweli: hapana. Jioni ile Guka yangu, baba yake baba, alimchinja yule mtoto wa mbuzi, maana hangeweza kutembea tena, na nyama yake ilikuwa tamu.

Jumamosi asubuhi tulimwona Baba Stefano akishuka kwa njia ya shamba, amevaa koti la kanisa, Biblia kwapani. Nyuma yake walikuwa majirani, wengine na vikombe vya uji mkononi, maana watu wa kwetu hawakosi kesi. Baba aliingia jikoni kwa mama kidogo, akatoka, akasimama uani. Guka alimpa mgeni kiti. Mgeni akakataa kuketi.

"Baba Ndirangu," akamwambia baba, akimwita kwa jina langu, "mtoto yako alimtoa wangu jino. Nimeomba siku nyingi. Nimefungua neno, na neno limesema jicho kwa jicho, jino kwa jino."

Halafu akatoa koleo mfukoni. Lilikuwa lile lile la kukatia seng'enge, lenye kutu kwenye shingo.

Guka alikohoa. Yeye alikuwa mtu wa mila, na mambo ya kuumizana aliyaamua maisha yake yote. "Mwanangu," akasema, "tangu zamani jino la mtu tumelipa kwa mnyama. Chukua lile dume pale. Jino la mjukuu wangu likikaa kwa mfuko yako, Stefano atatafuna nalo nini?"

"Ati mbuzi?" Baba Stefano akasema. "Nyinyi na mbuzi zenu! Hiyo ni mila ya giza, mzee. Mimi niko na neno la Mungu."

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Na Yesu je? Si alisema ukipigwa shavu ugeuze la pili?"

"Mama Ndirangu, hiyo ni ya shavu. Shavu hupona. Jino halirudi."

Mtu mmoja kwenye ua akacheka. Mwingine akasema, "Kweli, halirudi." Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine nikitafuta wa kunitetea, nikaona wengi wanatazama mdomo wangu. Nikamgeukia baba. Nilikuwa namngoja amshike yule mtu shingo kama alivyomshika mchukuzi wa Karatina. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali ambapo angemwangushia, pale kwenye mavi ya mbuzi.

Baba hakumshika. Alikivuta kile kiti ambacho mgeni alikikataa, akaketi.

"Baba Stefano," akasema, "mimi sijui kusoma. Lakini Jumapili wewe huhubiri sauti ikifika mpaka kwa mto, na mimi husikia nikiwa hapa nikinoa msumeno. Si wewe husema mmoja alichukua mapigo ya wengine?"

"Ndiyo."

"Basi chukua langu. Uache la mtoto."

Nafikiri Baba Stefano hakuwa ametegemea hilo, kwa maana alifungua Biblia akaifunga bila kusoma. Pengine angerudi kwake. Lakini mmoja wa wale wa uji akasema kwa sauti, "Aah, fundi, unaogopa?" Na mtu akiambiwa hivyo mbele ya majirani, akili yake hufungwa kama zizi.

Akaingiza koleo mdomoni mwa baba.

Sitawapaka asali. Jino la mtu mzima mwenye afya halitaki kutoka. Koleo liliteleza likamchana mdomo. Akashika tena, akaweka goti kifuani mwa baba, akavuta, na nikasikia mlio ule ule wa mguu wa mbuzi. Jino lilikatika katikati. Damu ilishuka kwenye kidevu ikalowesha shati. Baba alitoa sauti moja tu, ya ndani kabisa, kama ng'ombe anapochinjwa.

"Imetosha!" Guka akasema.

"Bado iko mzizi," baba akasema. Maneno yalitoka na mapovu mekundu. "Maliza. Usije kesho kusema imebaki."

Akamaliza. Alichimba kwenye ufizi, na mzizi ulipotoka baba aliukamata pamoja na kile kipande, akamtilia kiganjani. "Mpelekee Stefano."

Hapo mama alichomoa kuni kwenye rundo akampiga mhubiri mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka Biblia ikaanguka na wale majirani wa uji wakaruka ua. Baba ndiye aliyemzuia. Alimshika kiuno, damu ikimdondokea kwenye kitambaa cha kichwa, akisema, "Mwache! Mwache, mama, tumemalizana." Baba Stefano akapanda njia karibu mbio.

Nitasema jambo ambalo halinipendezi. Miaka mingi nilimwonea baba aibu. Watoto shuleni walimwita Pengo, na mimi niliwapiga wote, mmoja mmoja, wakati mwingine wawili wawili, lakini moyoni niliona wako sawa. Mtu mwenye mabega kama yale ameketi anang'olewa jino kama mtoto! Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kubeba magogo, na niliapa hakuna atakayeniwekea goti kifuani. Hakuna aliyeniwekea. Nyumba ninazopangisha mtaa wa Skuta, hapa Nyeri, nimezijenga kwa ugumu huo.

Mchungaji wetu wa siku hizi, kijana aliyesoma, alitufundisha kwamba lile andiko liliwekwa kama mpaka. Ati zamani mtu aking'olewa jino alikuwa akichoma boma zima, ndipo Mungu akasema: jino moja, usipite hapo. Mimi nilimwona anatetea vitabu vyake tu. Nilimweleza mama nilipofika nyumbani, kama kichekesho. Alikuwa mzee sana wakati huo, anaota jua kwenye baraza yangu.

Hakucheka. "Unakumbuka baba yako aliingia jikoni kabla ya ile maneno kuanza?"

"Nakumbuka."

"Alinipa panga. Akaniambia, 'Itupe chooni. Usiifiche, ukiificha nitaitafuta. Itupe chooni.'"

"Ukaitupa?"

"Nikaitupa. Na shoka pia. Shoka hakusema, lakini mimi nilikuwa namjua mume wangu."

Nilikaa pale mpaka jua likaondoka kwenye baraza. Miaka yote nilikuwa nimefikiri kwamba siku ile baba aliniokoa mimi, na jino langu, na kwamba aliniokoa kwa unyonge. Mimi ningekuwa na pengo tu. Aliyekuwa karibu kufa pale uani ni Baba Stefano, na alikwenda kwake akilia mgongo, bila kujua.