Maoni Yangu Kuhusu Yule Waziri wa Uingereza

Kwa karibu miezi miwili nilijulikana ofisini kwetu kama mtu mwenye macho. Sikuwa nayo. Macho yalikuwa ya dada aliyenilelea mtoto, na mimi niliyatumia hadharani kama yangu, nikasifiwa, nikavimba kichwa. Hata leo nikikumbuka, uso huniwaka.

Ulikuwa mchezo wa televisheni kutoka Uingereza, wa waziri mmoja aliyetaka kuwa waziri mkuu, na watu waliomfanyia njama. Ulionyeshwa Jumapili jioni, kabla ya taarifa ya habari. Jumatatu saa nne chai ikiletwa, ofisi nzima pale mjini haikuwa na habari nyingine. Huyu anasema waziri ni mwizi, yule anasema anaonewa, mwingine anamfananisha na mbunge wa kwao mpaka chai inapoa. Mimi nilikuwa mgeni, bado niko kwenye miezi ya majaribio, na hakuna aliyekumbuka hata kunisogezea sukari. Nilitaka sana kuwa mtu pale mezani. Kiingereza nilikisikia, shule nimesoma, lakini mchezo wenyewe ulinipita. Wale watu waliongea kwa adabu na kutabasamu, na mimi niliwaamini wote.

Nyumbani Parklands tulikuwa watatu: mimi, mtoto wangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na dada. Nilimwita dada kwa mazoea tu ya Nairobi. Alinizidi miaka zaidi ya kumi, na kwao magharibi angekuwa mtu wa kupishwa njiani. Shule aliachia darasa la nne. Kila Jumapili aliutazama mchezo akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa begani. Kochi lilikuwa na nafasi. Sikumwambia akae.

Kipindi cha tatu, waziri alimkaribisha nyumbani rafiki yake wa tangu shuleni, aliyekuwa kiranja wa chama bungeni. Wakaongea, wakacheka, rafiki akaapa kwamba yuko naye hadi mwisho. Nikasema, "Afadhali ana mtu mmoja wa kweli."

"Nani, mama? Huyo?" Dada aliguna. "Huyo ndiye anamuuza. Hujaona ameacha chai? Hata kikombe hajagusa. Kwetu mtu akikuja kwako akatae kuonja chai yako, jua ako na kitu na wewe."

"Lakini amesema..."

"Mimi sijui amesema nini. Mimi nimeona kikombe."

Jumatatu nikaropoka. Walikuwa wanabishana ni nani atamponza waziri, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: ni yule rafiki, kwa sababu aliacha chai, na kwetu mtu akikataa chai yako ana jambo na wewe.

"Kwenu Kiambu?" mwenzangu mmoja akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu zamani," nikasema. Yaani nilimwibia dada hadi kwao.

Jumapili iliyofuata rafiki alimuuza waziri mchana kweupe. Kesho yake nilipoingia ofisini walinipokea kwa kelele. Meneja wetu, mama mmoja mkali ambaye hajawahi kuijibu salamu yangu vizuri, alivuta kiti akaketi karibu nami. "Haya, mchambuzi, tuambie." Mchambuzi! Kuanzia hapo nikawa namchokonoa dada kila Jumapili, unaonaje huyu, na huyu je? Naye alifurahi, maskini. Alidhani tunapiga gumzo.

Kipindi cha mwisho meneja alitualika kwake Lavington tukitazame pamoja, watu kama wanane hivi. Nilimbeba mtoto, na dada wa kumshika. Dada alivaa sketi yake ya kanisani. Askari alipotufungulia geti, mimi nilielekezwa sebuleni, yeye akaonyeshwa njia ya nyuma ya kwenda jikoni, na wala sikugeuka kuangalia kama ameiona.

Katikati ya mchezo waziri alikutwa ofisini kwake amekufa, kapewa sumu. Jioni hiyo polisi wakaenda kumpa mkewe habari. Mke akafungua mlango, akawasikiliza, akashika kifua. Sebule nzima ikasema woi! Meneja akanigeukia. "Mchambuzi, nani amemuua?"

Macho yote kwangu, na kichwani hamna hata neno moja.

Dada aliingia wakati huo huo, mtoto amemlalia begani, anatafuta blanketi kwenye mkoba wangu. Akatupia televisheni jicho. Polisi walikuwa bado pale mlangoni na yule mke. "Huyo bibi alikuwa anajua," akasema. "Angalia miguu yake."

Watu walicheka, naye akachukua blanketi akarudi jikoni. Hazikupita dakika kumi, ikajulikana: sumu ilitoka kwa mke. Ilikuwa zogo! Meneja mwenyewe akaenda kumwita dada. "Njoo hapa, wewe. Ulijuaje?"

Dada alisimama kwenye zulia, tabasamu hadi masikioni. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo kwangu. "Ni kama tu ile ya chai," akaanza. "Nilimwambia mama hapa..."

"Anarudia ninayosema nyumbani," nikamkatiza. "Huyu hata Kiingereza hasikii."

Kicheko tena. Mmoja akasema nina bahati, hata mboch wangu, mtumishi wa nyumbani, nimemfundisha siasa. Dada alinitazama. Nikamwomba Mungu dada asinikane, ndiyo, hilo ndilo nililoliomba. Akainamisha kichwa.

"Ni kweli," akawaambia. "Mama ndiye hunieleza."

Alinisitiri mbele ya watu bila kuombwa, baada ya mimi kumvua nguo mbele ya hao hao.

Tulipanda teksi, tukafika Westlands. Samahani ilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikasema, "Dada, umenikasirikia?"

"Hapana, mama." Alikuwa anamfunika mtoto miguu. "Ungeniambia tu kwamba kule kazini ni maneno yako. Ningenyamaza. Mimi nilikuwa nakupa tu."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angeomba msamaha. Mimi nikajisikia nauliza, "Na ile miguu ya yule mke, uliona nini?"

Alimaliza kumfunika mtoto. Kisha akanieleza polepole, bila kinyongo, ilhali angeweza kuninyima.

"Alikuwa na viatu. Mtu ako kwake jioni, haendi mahali, anavaa slipa. Huyo amevaa viatu, tena amefunga kamba. Alikuwa anangoja kuitwa."

Tulipofika nyumbani alimlaza mtoto, akanitakia usiku mwema, akafunga mlango wake.

Kesho yake saa nne meneja aligonga meza kwa kijiko. Akasema watu bado wanabishana ni nini kilimfichua yule mke, mchambuzi awafumbulie. Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulizeni dada mwenyewe.

"Mimi nilivyoona," nikaanza, "ni vile viatu."