Taa Tatu za Baba

Harufu ya petroli ya taa bado hunitibua roho, mnisamehe. Nikiinusa sokoni Mulongwe, narudi ufukweni Kalundu, mtoto mdogo, giza likiingia, tukishindana na watoto wenzangu kutambua mitumbwi ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ikitoka. Kila kundi la wavuvi lilipanga taa zake kwa namna yake, ili wa nyumbani wawajue hata kwa mbali. Za baba zilikuwa tatu: mbili mbele, zimekaribiana kama macho, na moja nyuma. Nilizipungia mkono kana kwamba ananiona.

Kisha vita vikaingia ziwani, na Komanda akaja navyo, mkubwa wa boti za jeshi. Asubuhi moja wanawake walingoja ufukweni na mabeseni yao, mtumbwi wa baba haukurudi. Boti ya Komanda, naye mwenyewe akiwa ndani, ilikuwa imeupiga risasi.

Tukiwa bado kwenye kilio, alikuja kwetu, viatu vinang'aa, kofia mkononi. Shangazi alimpa kiti na chai.

"Pole sana, mama. Mu ile giza tulizania ni adui," alisema.

Mama alimnyang'anya kikombe, akaimwaga chai miguuni pake. "Weye ulizania? Toka mu lupango yangu!"

Lo, aibu niliyoiona! Mgeni wa kilio kufukuzwa uani kwetu, tena mkubwa vile, aliyekuja kwa heshima zake! Shangazi aliomba radhi mpaka njiani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba huzuni ilikuwa imemvuruga mama akili.

Juzi juzi Komanda amekufa kitandani mwake, kwa uzee. Nilikwenda mazikoni, ndiyo, kuifuta ile aibu ya chai. Turubai, kwaya, maua tele. Maisha yake yakasimuliwa: kuzaliwa Kalundu, kuvua ndagala, kuingia jeshini, boti, vyeo, medali. Kisha mdogo wake akashika maikro, akacheka kwa upendo.

"Kaka yangu alikuwa na macho! Akiwa kijana alikuwa anasimama pa muchanga usiku, anakuambia: ile iko ya fulani, ile kule iko ya fulani. Kwa taa tu! Hakukosea hata siku moja!"

Watu wakapiga makofi. Mimi damu ilinichemka. Hakukosea hata siku moja, na wanashangilia! Niliinuka nikapita katikati ya makofi yao bila kuaga mtu.

Mama nilimkuta uani akichambua ndagala.

"Mama, alijua. Aliziona taa za baba, na alizijua."

Hakuinua kichwa. "Baba yako mwenyewe njo alimufundishaka kuzisoma."

Nilikaa chini kando yake, nikaanza kuchambua naye. Miaka yote hiyo niliionea aibu chai ile. Sasa kinachoniuma ni kwamba ilikuwa imeshapoa.