Ndagala katika Ukumbi wa Dansi

Mji wa Baraka uliwahi kuwa na hoteli kubwa, na wageni wake wote walilala chali, uchi, bila kuagiza hata kahawa. Walikuwa ndagala, visamaki vya ziwa vya Mama Siti.

Mama Siti binti Assumani alianza kuanika samaki tangu utoto. Mama yake alianika, bibi yake alianika, na wote waliuza ndagala wenye mchanga, maana walianika ufuoni na ufuo ni mchanga. Wanunuzi wa Lulimba walitafuna, wakatema, wakatukana, wakanunua tena. Mume wake Zuberi, mtu wa swala tano na usingizi mwingi, alimfariji kwamba mchanga ni chumvi ya maskini.

Kisha akaja Bwana Casimir. Akapewa ufuo na serikali, akafukuza bamama waanikaji, akaanza kuwajengea hoteli bazungu wa matembezi. Alimwaga kwanza sakafu ya ukumbi wa dansi: sima, yaani saruji, laini kama shavu la padri. Kuta zikasimama na milango yake, zikangoja mabati. Lakini mwanzoni mwa 1959 kukawa na ghasia Léopoldville, mji mkuu, na bazungu wa matembezi wakakumbuka ghafla kwamba hata Ulaya kuna maziwa. Masuwa, meli ya ziwani, ikawa inaleta chumvi na mbuzi tu. Mafundi wakaenda zao.

Mama Siti akaingia na kikapu. Jua juu, sima chini, paa hakuna: nani angechora kianikio kizuri zaidi? Ndagala wakatoka safi. Watu wa Lulimba wakaacha kutema, wakaanza kumuulizia sokoni kwa jina.

Siku moja Bwana Casimir akarudi kutoka Uvira, pua ikimtangulia.

« Siti! Nini hii ndani ya salle yangu ya dansi? »

« Bageni, Bwana. Balichoka kukungojea. »

« Toa yote! Leo masuwa inaleta batalii. »

« Mwaka muzima unasema ivyo. Sikiya, Bwana. Muzungu wa matembezi akishuka, hata mumoja, mi natoka na nafagia. Akikosa kushuka, unaniachia sima mupaka siku utaweka mabati. »

Casimir, aliyekuwa na imani kushinda misheni nzima, akampa mkono.

Wakaenda gatini. Wakashuka mbuzi. Ikashuka chumvi. Akashuka Sista Florentine, muzungu wa misheni, na Casimir akamtazama kwa tamaa ya mwenye hoteli.

« Huyo hapana, » Mama Siti akasema. « Huyo iko kazini kwa Mungu. »

Halafu akashuka muzungu mnene, kofia mpya, masanduku mawili mkononi. Mama Siti akaona mchanga unarudi kwenye kikapu chake. Casimir akamkimbilia mgeni, mikono wazi, wakaongea Kifaransa. Mikono ikashuka pole pole.

« Basi? » Mama Siti akauliza. « Mi nachukua fagio? »

Casimir angeweza kudanganya, nani angejua? Akavua kofia.

« Ndugu yake iko Nundu. Banarudi Ulaya, anakuja kumusaidia kufunga vyombo. Anataka kununua milango yangu, apate mbao za makasha. »

« Ile ni matembezi? »

« Hapana, Siti. Ile hapana matembezi. »

Mama Siti alicheka, ila kwa adabu aligeukia ziwa kwanza.

« Pole, Bwana. Lakini mulango wa mbele usiuze. Usiku bambwa bataingia kwa bageni bangu. »