Mstari wa Mwenye Ng'ombe

Siku ile tulikuwa watu saba zizini kwetu, nami nitawataja wote, kwa sababu baadaye mmoja wao aliapa mbele ya baraza kwamba hakuwapo. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, ameshika fimbo ya kuchungia ambayo siku hiyo haikuwa na kazi. Mgongoni kwangu alikuwapo mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliyekuwa bado hajajua kusema sawasawa. Alikuwapo bibi jirani, mjane, aliyesikia kilio changu akaja na jembe mkononi kama alivyokuwa analima. Alikuwapo bwana mifugo, aliyefika kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, na tarishi wake aliyebeba sanduku la mbao. Na wa saba, ameegemea nguzo ya lango la zizi, alikuwapo mwenye ng'ombe.

Ng'ombe watatu walikuwa wamelala chini, wamekufa, matumbo yamevimba, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani.

Hao watatu hawakuwa wetu. Wasukuma tuna desturi ya kuweka ng'ombe kwa watu: mwenye ng'ombe wengi hawalundiki katika zizi moja, huwagawa kwa jamaa na marafiki. Anayewekewa hupata maziwa na samadi, na mwenyewe hubaki na ng'ombe na ndama. Ng'ombe akifa, aliyewekewa humpelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo ushahidi. Asiyepeleka ngozi huhesabiwa amekula au ameuza, naye hulipa ng'ombe kwa ng'ombe.

Mwenye ng'ombe huyo alikuwa rafiki wa baba yetu, na sisi tulimwita Baba Mkubwa. Baba alipofariki, akafuata mama, aliwaacha ng'ombe wake pale pale kwetu, nasi tulimshukuru. Cha kwetu wenyewe kilikuwa kimoja tu: ng'ombe jike mwekundu mwenye paji jeupe, wa mama. Mama, akiwa kitandani, alinishika mkono akasema, "Huyu asitoke zizini mpaka mdogo wako wa mwisho aote meno ya pili." Nikakubali. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne ili nikubali mambo kama hayo.

Bwana mifugo alitukataza kuwagusa wale waliokufa. Alikata ncha ya sikio la mmoja, akapaka damu kwenye kipande cha kioo chembamba, na ile ncha ya sikio akaitia katika kichupa na kukifunga vizuri. Halafu akatoa karatasi yenye mistari, akaiweka juu ya sanduku.

"Mwenye ng'ombe ni nani?"

Nikamtazama Baba Mkubwa pale langoni. Hapa lazima nieleze jambo, au nitaonekana mjinga. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, na serikali ya wakoloni ilikuwa inahesabu ng'ombe wa Usukuma ili wapunguzwe. Mwenye wengi alilazimishwa kuuza. Kwa hiyo wenye ng'ombe walituambia sisi tuliowekewa: akija mtu wa serikali, sema ni wako. Baba Mkubwa alikuwa ameniambia hivyo mara mbili, mara ya pili akiwa amekaa kwenye kiti cha baba, anakunywa maziwa niliyokamua. Na pale langoni, bwana mifugo alipouliza, alinitikisia kichwa taratibu. Nilimwona. Bibi jirani naye alimwona.

Nikasema, "Ni wa baba yangu." Nikataja jina la baba. Bwana mifugo akaliandika.

"Ngozi je?" nikamwuliza. "Lazima ngozi ichunwe, ipelekwe."

"Mayu, ukichuna ngozi hii utawafuata wazazi wako," alisema. Alikuwa mgeni, si Msukuma, lakini neno hilo la kumheshimu mwanamke alikuwa ameshalishika. "Chimbeni shimo refu kuliko mtu. Funikeni kwa majivu na miiba. Mbwa asifukue."

Baba Mkubwa aliondoka kabla shimo halijafika magotini. Tulichimba sisi: mimi, mdogo wangu, bibi na tarishi, mpaka jua lilipozama.

Mwezi haukuisha. Baba Mkubwa akanishitaki kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Anataka ngozi tatu au ng'ombe watatu.

"Ngozi ziko chini ya ardhi," nikasema. "Na wewe ulikuwapo."

"Mimi siku hiyo nilikuwa mnadani," akajibu, macho makavu kabisa. "Wazee wangu, Maganzo pale wachimba almasi wanakula nyama kila siku. Binti hana baba, hana mume, ana watoto wawili wa kulisha. Ninyi mnafikiri nini?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Ameuza hata kwato!" wakacheka tena. Bibi jirani aliposimama kunitetea aliambiwa akae, ugomvi wa ng'ombe si wa vikongwe. Nikasema kuna karatasi, bwana mifugo aliandika, damu imepelekwa kwa wataalamu. Mwanangwa akauliza karatasi hiyo iko wapi. Sikuwa nayo. Akanihurumia kwa namna yake: badala ya watatu, nilipe mmoja. Na mmoja niliyekuwa naye kila mtu alimjua.

Walimchukua ng'ombe wa mama asubuhi, kabla sijamkamua. Alikuwa na mimba. Mdogo wangu wa kiume alishika mkia wake mpaka njia panda, na hakuna mtu mzima aliyepata aibu. Tangu siku hiyo mdogo wetu wa mwisho alikunywa uji wa mtama bila maziwa. Alikuwa akinyoosha kibuyu kuelekea zizini, akisubiri.

Mvua zilipita, mavuno yakapita. Kisha bwana mifugo akarudi na sindano za kuchanja ng'ombe wa kijiji kizima. Alifika kwetu akakuta zizi tupu.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona hakuna ng'ombe? Barua hukupata?"

"Barua gani?"

Akakaa chini. Akanieleza yote, naye alieleza kwa furaha, kama mtu anayesifu ukoo wake. Kile kioo kilifika kwenye maabara ya nchi yetu, wakaona dalili za kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na mtu, lakini kioo kilikuwa kimepata ufa na hawakutaka kusema jambo wasilokuwa na hakika nalo. Kwa hiyo ile ncha ya sikio waliituma Kenya, kwenye maabara kubwa zaidi, kwa sababu siku hizo nchi zetu tatu zilikuwa zimekubaliana kusaidiana katika magonjwa ya mifugo: mwenye darubini bora amtazamie asiye nayo. Kichupa kilipanda treni mpaka Mwanza, meli mpaka Kisumu, treni tena. Kule wakathibitisha: kimeta. Wakajibu kwetu, na nakala wakapeleka Uganda, maana ng'ombe hawajui mpaka.

"Nairobi wanajua," alisema, akihesabu kwa vidole. "Kampala wanajua. Mwanza wanajua. Ndiyo maana sindano zimekuja."

"Na mimi?"

Akakunja vile vidole.

"Ng'ombe wamekufa mikononi mwangu. Sikio limesafiri nchi mbili, limeamkiwa na wakubwa wote. Mimi niliyechimba shimo nimeitwa mwizi, nimenyang'anywa ng'ombe wa mama yangu, na hakuna aliyenijulisha."

"Barua ililetwa, mayu. Kwa jina la mwenye ng'ombe."

Jina la baba. Basi nikaelewa, na nilipoelewa nilijichukia kidogo, lakini si sana, kwa maana wapo waliostahili zaidi.

Nilikwenda kwa karani wa baraza siku hiyo hiyo. Barua ilikuwapo, katika kasha, chini ya vitabu vya kodi.

"Barua ya marehemu haipewi mtu," karani akasema.

"Basi unamsubiri marehemu aje kuichukua?"

"Usinikebehi, binti. Ni utaratibu."

"Mimi ni mwanawe wa kwanza. Ulikula kwenye matanga yake. Nipe."

Hakunipa. Nilikaa mlangoni pake siku nzima, na siku ya pili nikaja na mdogo wangu na yule mtoto, tukakaa watatu. Kila aliyefika kulipa kodi aliuliza tumekalia nini pale, nami nikamwambia kwa sauti. Siku ya tatu, karani akaitupa barua mapajani mwangu. Ilikuwa ya Kiingereza, bwana mifugo akanitafsiria. Ilikuwa fupi, na ilisema kweli: ng'ombe walikufa kwa kimeta, wasichunwe, wafukiwe.

Tukarudi barazani. Mwanangwa alisomewa barua, akamgeukia Baba Mkubwa. Yule mzee akatabasamu.

"Nimesikia. Lakini karatasi inataja ng'ombe wa marehemu rafiki yangu. Wangu haiwataji. Ng'ombe wake walikufa kwa kimeta, Mungu amrehemu. Wangu wako wapi?"

Sijawahi kukasirika namna ile tena maishani. Hasira ilinifanya nitulie. Nikasimama nikawataja watu saba waliokuwapo zizini, kama nilivyowataja hapa, mmoja mmoja, na mahali kila mmoja aliposimama. Bwana mifugo akasema ndiyo, kulikuwa na mzee langoni, na ndiye huyu. Bibi jirani safari hii hakungoja ruhusa. "Ulimtikisia kichwa!" alipiga kelele. "Ulimwambia mtoto aseme uongo kwa faida yako, halafu unamchapa kwa uongo huo huo!"

Nikamwambia Baba Mkubwa mbele ya watu wote, "Sema sasa. Ng'ombe walikuwa wa nani? Kama ni wa baba, hukuwa na haki ya kunidai. Kama ni wako, serikali isikie kwamba ni wako."

Alimtazama bwana mifugo, akaangalia chini. Wale waliocheka mara ya kwanza hawakucheka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Walikuwa wangu."

Mwanangwa akaamua nirudishiwe ng'ombe wa mama na ndama wake. Lakini ng'ombe hakuwapo. Alikuwa ameshavuka kwenda upande wa Geita, ambako mtoto wa kiume wa yule mzee alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu, naye ng'ombe alikuwa ametolewa mahari kijana huyo alipooa. Mahari hairudi mke angali nyumbani. "Nitakulipa binti yangu atakapoolewa," mzee akasema, na baraza likaridhika. Mimi sikuridhika.

Siwalaumu wale wa darubini. Walifanya kazi yao kwa makini kuliko watu wote wa habari hii. Bwana mifugo alinionyesha ile karatasi yake, akasema ni moja kwa nchi zote tatu, wakubwa walikaa wakakubaliana mistari yake. Niliisoma polepole, yeye akinitafsiria. Palikuwa na mstari wa aina ya mnyama, wa rangi, wa umri, wa mwenye ng'ombe. Hapakuwa na mstari wa anayemkamua. Nchi tatu zilikaa kitako, na hakuna aliyeuliza hilo. Bwana mifugo alichukua kalamu, akachora mstari chini kabisa kwa mkono wake, akaandika jina langu. Tangu hapo, kila alipokuja kijijini, alichora mstari huo kwa kila zizi.

Mdogo wetu aliota meno ya pili. Binti wa yule mzee aliolewa, ng'ombe wa mahari wakaingia kwake mchana kweupe, na hakuna aliyekuja kwetu. Mzee alipofariki, wanawe walipogawana mifugo, nilikwenda nikasimama katikati yao nikataja deni. Mkubwa wao akasema, "Tunalijua, dada." Nikasema kulijua hakukamwi.

Huwa ninakwenda kwao kila mwaka baada ya mavuno, na kamba ya kumfungia ng'ombe. Ninapewa kiti, ninapewa maji, tunaamkiana vizuri. Ninataja: jike mmoja, mwekundu, paji jeupe, na ndama tumboni. Wanaitikia. Kisha ninarudi nyumbani na kamba yangu mkononi.