Muhogo Usioguswa na Lami

Msinione nazeeka mkadhani sina la kujivunia. Ninalo. Linaitwa Hajarah, mama wa binti yetu Hasifa, na nimelioa mwenyewe.

Mwaka wa sabini na sita mimi, Badiru, nilikuwa dereva wa lori kati ya Tororo na Busia. Hajarah alinunua muhogo kwa wakulima wa Masafu, akaukausha, akausaga, akauza unga. Enzi hizo wanawake wote wa mtaa wetu wa Busia walianika kandokando ya lami, pale kwenye kona iliyo karibu na kizuizi cha mpakani. Lami ina moto bwana. Muhogo wa asubuhi unakauka siku hiyo hiyo. Lakini ndipo malori yote yalipofungia breki, na matairi mapya hayakupatikana nchi nzima. Tulikimbia na matairi yenye vipara mpaka nyuzi zikaonekana.

Hajarah akaanza kusema kwamba muhogo wa konani unageuka kijivu na kunuka mpira. Akahamia kwenye mwamba nyuma ya nyumba, ambako muhogo hukaa siku tatu juani. Wenzake wakamwita malkia. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia vumbi ni vumbi. Nyani haoni kundule. Mpira wenyewe ulikuwa wa matairi yangu.

Basi sajini wa askari wa kile kizuizi akaamuru kila nyumba ilete gunia la unga Ijumaa. Tuliwajua waliochelewesha amri ya askari, na wengine wao hawajarudi hadi leo. Nilimsihi mke wangu aanike lamini mara hii moja tu. Akakataa katakata. Ijumaa ikafika, muhogo wake haujakauka, na sajini yuko mlangoni.

Hajarah akampa kiti. Akaomba kwa jirani yetu Taaka vipande vya muhogo wa konani, akavitia kwenye beseni jeupe la maji, akavisugua. Maji yakawa meusi, chembe zikaelea.

"Afande, hii ni tairi ya bwana yangu," akasema. "Muhogo ya askari iko pale juu ya jiwe, nangoja siku mbili. Kama wewe nataka hii, mimi nasaga sasa hivi."

Sajini akachovya kidole, akakifuta kwenye suruali. Doa jeusi likabaki. Alilitazama, nami nikasoma dua zote ninazozijua. Mwishowe akasema atangoja, na magunia yaliyokwisha kuletwa yarudishwe, maana askari wake hawali matairi.

Kesho yake kona ilikuwa tupu. Wanawake walijaa nyuma ya nyumba yetu na vikapu vyao, wakimwuliza Hajarah waanike wapi. Na mimi, dereva mzima, mchana kweupe, Busia yote ikitazama, nikajitwika kapu la muhogo kichwani nikasimama nyuma yao. Zamu yangu ilipofika nikauliza kwa adabu, "Mama Hasifa, niweke wapi?"